Panzi wa Skafu Nyekundu: Historia ya Sanamu za Mashujaa wa Barakoa wa Japani

Jumamosi ya tarehe 3 Aprili 1971, saa moja na nusu jioni, watoto wa Japani waliwasha televisheni wakaona kijana amefungwa juu ya meza ya upasuaji. Kijana huyo ni Hongo Takeshi, mwanafunzi wa chuo kikuu na hodari wa mbio za pikipiki. Kundi la siri liitwalo Shocker limemteka na kumgeuza nusu mtu nusu panzi ili awe askari wake. Kabla halijampumbaza akili, anatoroka. Tangu hapo anavaa helmeti yenye macho makubwa mekundu, anafunga skafu nyekundu shingoni, anapanda pikipiki na kupambana na wale wale waliomtengeneza. Jina lake la vita ni Kamen Rider.

Zaidi ya nusu karne baadaye, shujaa huyo na warithi wake wamesimama kwenye makabati ya vioo ya watu wazima sehemu nyingi duniani, wengine wakiwa na urefu wa kiganja, wengine wa goti. Wapo wanaodhani ni uchuuzi wa midoli tu. Biashara imo, tena kubwa, na makala hii haitaificha. Lakini ukifuatilia namna sanamu hizi zilivyotengenezwa, na nani alizitengeneza, utaona kwamba ndizo zilizohifadhi kazi ya watu ambao vinginevyo tungewasahau: washonaji wa mavazi, wachongaji, na waigizaji ambao nyuso zao zilifichwa na barakoa.

Kamen Rider hakuwa wa kwanza kuvaa barakoa. Mwaka 1958 televisheni ya Japani ilimtoa Gekko Kamen, shujaa wa kilemba cheupe, miwani myeusi na joho, aliyebuniwa na mwandishi Kawauchi Kohan. Watoto walijifunga vitambaa kichwani na mabegani, wakaruka kutoka mahali pa juu kumwiga, na baadhi yao wakaumia. Midoli ya shujaa ilikuwa ni ile ya kuvaa na kushika, kwa sababu mtoto alitaka kuwa yeye, si kumtazama.

Hali ilianza kubadilika mwaka 1966, kampuni ya Tsuburaya Eiji ilipotoa vipindi vya Ultra Q na baadaye Ultraman. Kiwanda cha Marusan kilitoa sanamu za madubwana wa vipindi hivyo kwa plastiki laini ya vinili, na watoto wakazigombania. Kumbuka kwamba yalikuwa madubwana zaidi ya mashujaa. Marusan ilifilisika mwaka 1968, kampuni ya Bullmark ikachukua kalibu zake na kuendeleza kazi.

Inafaa kukaa kidogo kwenye vinili hiyo, maana ufundi wake haujabadilika sana mpaka leo. Mchongaji huanza na umbo, kisha hutolewa nakala ya nta. Nta hiyo hutumbukizwa kwenye maji yenye madini na kupitishiwa umeme hadi ipate ganda la chuma. Ikiyeyushwa na kumwagwa, ganda linalobaki ndilo kalibu. Fundi humimina vinili ya majimaji ndani ya kalibu na kuichovya kwenye mafuta ya moto. Sehemu inayogusa chuma huganda, iliyobaki katikati humwagwa nje. Kisha, kalibu ikiwa bado ina joto, fundi hushika ukingo kwa koleo na kuvuta. Kichwa kikubwa chenye mapembe hutoka kupitia tundu dogo la shingo, kikijikunja na kujikunjua, na kwa kawaida hurudia umbo lake bila kovu. Akichelewa kidogo vinili inakuwa ngumu, akiharakisha inachanika. Katika wilaya ya Katsushika, mashariki mwa Tokyo, viwanda vidogo vimeishi kwa kazi hii kizazi hadi kizazi. Rangi hupulizwa baadaye, sehemu baada ya sehemu, kwa vifuniko vilivyokatwa kuacha wazi macho tu, au mkanda tu. Ndiyo maana sanamu mbili za zamani kutoka kalibu moja hazifanani kabisa, na mkusanyaji mzoefu hutambua mkono wa fundi kwa namna rangi ya jicho ilivyovuka mpaka.

Turudi kwa panzi wetu. Aliyembuni ni mchoraji wa katuni Ishinomori Shotaro, mzaliwa wa mkoa wa Miyagi, aliyeshirikiana na mtayarishaji Hirayama Toru wa kampuni ya Toei. Ishinomori alitaka shujaa mwenye uso wa fuvu. Wakuu wa televisheni wakaona fuvu litawatisha watazamaji. Alipotazama picha za wadudu aliona kwamba uso wa panzi nao unafanana na fuvu, na husimuliwa kwamba mwanawe mdogo ndiye aliyeuchagua mchoro huo kati ya mingi. Mimi naona hapo ndipo siri ya uzuri wake ilipo. Uso ule hautabasamu wala haukasiriki. Chini ya kila jicho kuna alama nyeusi mithili ya mchirizi wa machozi. Kwenye barakoa halisi zilikuwa ni tundu za mwigizaji kuchungulia. Katika katuni, Hongo anajifunika uso kwa sababu akikasirika makovu ya upasuaji hujitokeza. Shujaa huyu amebeba huzuni, na sanamu nzuri yake ni ile inayoibeba huzuni hiyo.

Balaa lilitokea mapema. Fujioka Hiroshi, mwigizaji wa Hongo, alikuwa akivaa mwenyewe vazi la Kamen Rider na kuendesha pikipiki mwenyewe. Vipindi vikiwa bado havijafika hata kumi na tano, alianguka akivunjika mguu vibaya. Watayarishaji wangeweza kumuua mhusika na kuendelea. Hirayama alikataa kuwavunja moyo watoto. Badala yake, kwenye kipindi cha 14 akaingia Kamen Rider wa pili, Ichimonji Hayato, aliyeigizwa na Sasaki Takeshi. Huyu ndiye aliyeleta mtindo wa kunyoosha mikono na kuizungusha kabla ya kujigeuza, na ndani ya muda mfupi viwanja vya shule vya Japani vilijaa watoto wakifanya vivyo hivyo.

Pamoja na mtu mpya lilikuja vazi jipya, na kwa mkusanyaji hili ni jambo kubwa. Vazi la kwanza lilikuwa la giza mno. Usiku shujaa alipotea kwenye picha. Kwa hiyo Rider wa pili alipewa mstari mweupe ubavuni, na baadaye glavu na buti nyekundu. Fujioka alipopona na kurudi, kwanza kwa vipindi vilivyopigwa karibu na mlima wa volkano wa Sakurajima, vazi lake lilibadilika tena, na hatimaye likawa la helmeti ya kijani kilichopauka, mistari miwili ubavuni, na glavu na buti za fedha. Mtazamaji wa kawaida anaona shujaa mmoja. Mkusanyaji anaona ajali, hospitali, taa hafifu za usiku na fundi anayetafuta njia ya kuokoa kipindi. Akisimamisha Rider wa kwanza wa zamani kando ya yule mpya, anaiona historia ya mwaka mzima wa kazi bila kusoma kitabu.

Mafanikio yakaja kwa kishindo. Mwaka 1971 kampuni ya vitafunio ya Calbee ilitoa pakiti za Kamen Rider kwa yeni 20, kila moja ikiambatana na kadi ya picha. Watoto walinunua kadi, vitafunio wakavitupa. Wazazi, walimu na magazeti wakalalamika. Mwaka huo huo kampuni ya midoli ya Bandai ilianzisha kampuni tanzu iliyoitwa Popy, na Popy ikapata utajiri wake wa kwanza kwa mkanda wa Kamen Rider. Katikati ya mkanda wa shujaa kuna pangaboi linalokusanya nguvu za upepo. Mikanda ya awali madukani ilikuwa plastiki isiyofanya lolote. Wa Popy ulizunguka na kuwaka taa, kama ule wa televisheni. Jambo hilo likawa sheria ya biashara hii mpaka leo: kitu cha dukani sharti kifanye kile kinachofanywa kwenye skrini. Sanamu za vinili nazo zilifuata sheria hiyo. Zipo zilizokuwa na barakoa ya kuvulika, chini yake uso wa kijana.

Hatua nyingine ilitoka ng'ambo, ikafanyiwa kazi Tokyo. Mwaka 1964 kampuni ya Marekani ya Hasbro ilitoa G.I. Joe, mwanasesere askari mwenye viungo vinavyokunjika. Kampuni ya midoli ya Takara ilipata leseni ya kumuuza Japani, lakini askari hawakuwavutia sana watoto wa huko. Mwaka 1972 Takara ikatumia umbo lile kutengeneza Henshin Cyborg, mtu wa plastiki angavu wa takriban sentimita 30, ambaye ndani yake mitambo ya rangi ya fedha ilionekana. Alivikwa mavazi na vichwa vya mashujaa wa televisheni: leo Ultraman, kesho Kamen Rider. Sasa mtoto alikuwa na shujaa anayeweza kukunja goti, kuinua mkono na kusimama katika mkao wa vita. Kutoka kwenye ukoo huo alizaliwa Microman mwaka 1974, aliyeuzwa Marekani kwa jina la Micronauts, na baadaye Diaclone, ambayo magari na roboti zake zilichangia kuzaa Transformers mwaka 1984. Wengi waliokua na Transformers hawajui kwamba babu yake alikuwa mwanasesere wa kuvishwa nguo za panzi.

Mwaka 1974 Popy ikajibu kwa chuma. Roboti Mazinger Z, aliyebuniwa na Nagai Go, alitolewa kwa aloi ya zinki, mzito mkononi, katika jamii ya midoli iliyoitwa Chogokin. Mtu aliyeishika sanamu ya namna hiyo utotoni huukumbuka ule uzito na ubaridi wake. Bandai haijaacha kulitumia jina hilo.

Wakati huohuo mashujaa walishaanza kusafiri. Kikaider, kazi nyingine ya Ishinomori, alianza kuonyeshwa Hawaii mwaka 1974 kupitia kituo cha KIKU. Wajukuu wa wahamiaji wa Kijapani na majirani zao wa kila asili walimpenda kiasi kwamba mwaka 2002 gavana wa Hawaii, Ben Cayetano, aliitangaza tarehe 12 Aprili kuwa Generation Kikaida Day, yaani Siku ya Kizazi cha Kikaider. Gorenger, kundi la wapiganaji watano wa rangi tano lililoanza mwaka 1975, lilikuwa wazo la Ishinomori huyohuyo. Ukoo wa vipindi ulioanzia hapo ndio ulioifikia dunia nzima mwaka 1993 kwa jina la Power Rangers, kwa kuchanganya picha za mapigano za Kijapani na waigizaji wa Kimarekani. Msomaji aliyekua akishangilia Power Rangers, popote alipokuwa, alikuwa tayari amekaa kwenye kivuli cha mti wa Ishinomori.

Nyumbani Japani mambo yalipoa. Kamen Rider alipumzika mwaka 1981, Popy ikamezwa na Bandai mwaka 1983, na ingawa Kamen Rider Black alirejea mwaka 1987 na kupendwa hadi Indonesia, miaka ya 1990 ilipita bila kipindi chake cha kila wiki. Kilichokuwa kikiendelea ni kingine. Watoto wa mwaka 1971 walikuwa wamekua. Mwaka 1980 mchoraji wa katuni Furukawa Masuzo alifungua duka dogo la vitabu vya mitumba ndani ya jengo la Nakano Broadway, Tokyo, akaliita Mandarake. Duka likapanuka chumba baada ya chumba, na midoli ya zamani ikapata nafasi kwenye vioo, kila kitu na bei yake na maelezo ya hali yake. Kitu kilichotupwa na mama mwaka 1975 kiligeuka mali. Bila maduka kama hayo, sanamu nyingi za Marusan, Bullmark na Popy zingeishia jalalani na habari zake pamoja nazo.

Watu wazima hao walitaka sanamu za kiwango chao, na wakazipata. Kampuni ya Medicom Toy, iliyoanzishwa mwaka 1996, ilirudia kimo cha sentimita 30, lakini safari hii vazi lilishonwa kwa kitambaa na ngozi bandia kwa uangalifu wa fundi cherehani, na mistari ya ubavuni ilihesabiwa. Bandai ilikwenda upande mwingine. Mwaka 1998 ilianza jamii iitwayo S.I.C., ikiwaachia uhuru wachongaji kama Takeya Takayuki na Nirasawa Yasushi. Kikaider wa jamii hiyo, wa plastiki na chuma, si yule wa televisheni. Mitambo inaonekana chini ya ngozi angavu, misuli imekaza, kila sehemu ina kitu kidogo cha kugundua. Wapo waliolalamika kwamba amezidishwa. Mimi nasimama upande wa wachongaji hao. Walifanya kile ambacho hadithi inastahili kila inaposimuliwa upya, na walikifanya bila kumvunjia heshima mwenye hadithi. Ishinomori alifariki dunia mwanzoni mwa mwaka huo huo, tarehe 28 Januari 1998, akiwa na miaka 60. Nirasawa alimfuata mwaka 2016.

Tarehe 30 Januari 2000 Kamen Rider Kuuga alifungua zama mpya, na tangu hapo kila mwaka umekuwa na Rider wake. Mwaka 2008 Bandai ilianza S.H.Figuarts, sanamu za takriban sentimita 15 zenye viungo vingi, ndogo za kutosha kupanga ukoo mzima kwenye rafu moja. Lakini hatua iliyonigusa zaidi ilikuja Novemba 2014, kwa Kamen Rider Kabuto wa jamii iitwayo Shinkocchou Seihou. Hapo mchongaji haanzi na vazi. Anaanza na mwili wa mtu aliye ndani yake: mabega, kiuno, urefu wa mapaja, namna anavyosimama. Mwili ukishakuwa sahihi ndipo unavikwa vazi.

Mtu huyo, kwa Rider wengi wa miaka ya 2000 na iliyofuata, alikuwa Takaiwa Seiji. Jina lake si geni kwa wapenzi, ila akiwa Rider uso wake haukuonekana. Kijana mzuri wa sura aliigiza kabla ya kujigeuza. Baada ya hapo alikuwa ni Takaiwa, ndani ya helmeti asimoona vizuri, akitumia shingo na vidole kusema yale ambayo mdomo hauwezi. Kila Rider alimpa mwendo wake. Kabuto hana haraka, mgongo umenyooka, kidole kimoja kimeelekezwa mbinguni. Ukiichukua sanamu ile, ukaipa mkono wenye kidole hicho na kuinua kidevu kidogo, unamwona Takaiwa. Sijasikia sanamu ya ukumbusho iliyojengwa kwa ajili ya waigizaji wa ndani ya mavazi. Hizi ndizo zao.

Mavazi yenyewe hayadumu. Barakoa na suti hutengenezwa kwa mpira, sponji na rezini, vitu vinavyopasuka na kuliwa na jasho, joto na miaka. Mengi yalikarabatiwa, yakapakwa rangi ya shujaa mwingine, yakamalizikia hapo. Mwongozaji Anno Hideaki, aliyekuja kutengeneza filamu ya Shin Kamen Rider mwaka 2023, amepigania sana jambo hili: mwaka 2012 aliandaa Tokyo maonyesho makubwa ya vifaa vya filamu za namna hii, mwaka 2017 akaongoza kuundwa kwa shirika la kuvihifadhi, na Novemba 2020 kituo cha kumbukumbu kikafunguliwa Sukagawa, mji alikozaliwa Tsuburaya. Kazi hiyo ni ya heshima, ila haiwezi kurudisha vilivyokwisha kuoza. Kwa mavazi mengi, sanamu ndogo iliyochongwa na mtu mwenye macho makali ndiyo inayobaki kuonyesha umbo lake kutoka kila upande.

Mji mwingine unalijua hili kwa uchungu wake. Ishinomaki, mkoani Miyagi, ulijenga makumbusho ya Ishinomori mwaka 2001 kwenye kisiwa kidogo mtoni, jengo la duara kama chombo cha anga, na kuwasimamisha mashujaa wake barabarani kutoka kituo cha treni. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami iliupiga mji. Maji yalijaa ghorofa ya chini ya makumbusho, na watu wakajiokoa ghorofani. Baadhi ya sanamu za barabarani zilibaki zimesimama katikati ya vifusi. Makumbusho yalifunguliwa tena Novemba 2012, na wageni wakarudi.

Kwa anayetaka kuanza, naomba mambo machache. Nunua shujaa uliyempenda, usinunue bei. Vinili haipendani na jua: rangi hupauka na plastiki nyeupe huwa ya manjano, kwa hiyo mweke mbali na dirisha. Usimwache miaka mingi amefungwa kwenye plastiki yake, maana mafuta ya vinili hutoka na kumfanya anate. Mtoe, mfute kwa kitambaa kikavu, mpe hewa. Sanduku lihifadhi, lakini lifungue. Najua wapo wanaoshikilia kwamba sanamu isiyofunguliwa ina thamani zaidi sokoni, na kwa bei wako sahihi. Ila viungo vile vilihangaikiwa ili mguu uinuke kwenye teke na mkono uelekee juu, na aliyekaa sandukuni hafanyi lolote kati ya hayo. Na kama ndani ya nyumba yenu kuna shujaa wa plastiki wa zamani, amepoteza mkono au rangi, usimtupe. Muulize aliyemnunua alimpata wapi na mwaka gani, uandike, umsimamishe mahali pa kuonekana.